Darasa la vidudu Moshi: shule ya mtaani, ya katikati ya mji, ya kwa bibi au yenye kitengo?

Mwezi wa kumi hauishi kabla sijaulizwa. Mimi ni fundi cherehani, meza yangu iko jirani na Soko la Mbuyuni, na tangu uandikishaji unapotangazwa mpaka wiki ya pili ya Januari kazi yangu kubwa ni sare za shule. Mzazi anakuja na mtoto, namzungushia futi kiunoni, na kabla sijaandika namba kwenye daftari ameshasema: "Hivi fundi, wewe ungempeleka wapi?" Mwaka jana aliuliza mke wa askari mmoja, wamehamia kutoka Singida, wanakaa Soweto. Swali lake lilikuwa na mkia. "Nataka mwanangu asome na watoto wa kila aina. Nimesikia huku ni Wachagga watupu."

Nilicheka, maana hilo linategemea umesimama wapi. Ukisimama Kibosho, kule mlimani, karibu ni kweli. Ukisimama Njoro, mtaa wa huku mjini, si kweli hata kidogo.

Nimeona niandike yale niliyomjibu, na mengine niliyoyakumbuka alipokwisha kuondoka. Nazungumzia darasa la awali katika shule za serikali, ambako ada ilifutwa kuanzia Januari 2016. Kwa mtu wa Moshi chaguo ni nne: shule ya mtaani kwake, shule ya katikati ya mji, shule ya mlimani kwa bibi, na shule yenye kitengo cha elimu maalumu. Mbili nimezipitia mwenyewe. Mkubwa wangu alianzia shule ya mtaani kwetu Pasua, wa pili alikaa mwaka mzima kwa bibi yake Kibosho. Wa tatu anaanza Januari na sare yake sijaikata bado.

Vipimo vinne

Mtaala usikusumbue, wote wanafuata mmoja unaotoka Taasisi ya Elimu Tanzania, na lugha ni Kiswahili. Kinachotofautiana ni haya.

Watoto. Mwanao atakaa na nani? Hapa watu husema "mchanganyiko" kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna mchanganyiko wa makabila, wa dini, wa kipato, na wa hali za mwili na akili, na hivi vinne haviendi pamoja hata siku moja. Utakuta darasa lina makabila kumi, ila wazazi wote ni vibarua. Utakuta lingine wote wanaitwa Massawe na Mushi, lakini mjukuu wa mwenye nyumba ya ghorofa anakaa na mtoto wa mchuma kahawa. Ukiniuliza lipi limechanganyika zaidi, nitakuuliza wewe unatafuta nini.

Mwalimu. Mwongozo wa serikali kwa awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Shule nyingi za mjini zimepita hapo, nyingine mbali sana. Usimuulize mwalimu mkuu wameandikishwa wangapi. Chungulia dirishani saa tatu asubuhi uhesabu vichwa. Angalia pia kama ukutani na pembeni kuna zile kona za ujifunzaji, yaani vifuniko vya soda vya kuhesabia, vibao vya herufi, midoli ya matambara. Zikiwepo na zimechakaa, ni dalili njema: zinatumika.

Njia. Watoto wa awali hutoka mapema, wewe ukiwa bado kazini. Nani anampokea?

Mfuko. Ada hakuna, lakini sare ipo, madaftari yapo, na uji upo kwa kadiri wazazi walivyokubaliana kwenye kikao.

Shule ya mtaani kwako

Watoto. Ukiwa Pasua, Majengo au Njoro, huku ndiko kwenye makabila. Watu wa mitaa hii walifuata kazi na biashara, kwa hiyo darasani utamkuta Mpare, Msambaa, Mrangi, Mmaasai ambaye baba yake ni mlinzi, na Wachagga wa pande zote, kuanzia Machame mpaka Rombo. Dini vilevile, Waislamu na Wakristo bega kwa bega. Nyumbani karibu wote wanaongea Kiswahili, kwa hiyo hakuna anayekaa kimya kwa kukosa lugha.

Kipato ndicho kinachofanana. Mimi napima kwa pea za sare. Wazazi wa shule za mtaani huagiza pea moja, na wananiambia niache pindo la vidole vinne ili mtoto aivae mpaka darasa la pili. Kaptula ikifuliwa Jumatano jioni, Alhamisi inavaliwa na ukanda wa kiuno bado una unyevu. Najua, kwa sababu ndivyo nilivyomvalisha wangu. Wenye kipato kikubwa kidogo wameshatoa watoto wao, wanapitiwa na basi la njano alfajiri kwenda inglishi midiamu.

Na usidanganywe na jina la mtaa. Shanty Town ni mahali pa nyumba zenye bustani na mageti ya umeme, lakini watoto wa nyumba zile wengi hawavai sare ya serikali. Wanaoivaa ni wa mtunza bustani, wa mlinzi na wa dada wa kazi. Shule inaweza kuwa katikati ya utajiri bila utajiri kuingia getini.

Mwalimu. Hapa ndipo penye shida. Darasa la mkubwa wangu lilijaa mpaka wengine wakawa wanakaa kwenye mkeka. Mwalimu alikuwa hodari, nyimbo zake mtoto alikuwa anaziimba mpaka usingizini, lakini mwezi wa tatu ulifika bado anamwita mwanangu kwa jina la mtoto mwingine. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nikiwa na wateja kumi mezani nachanganya vipimo.

Njia. Hakuna inayoishinda hii. Anakwenda na kaka za jirani, anarudi nao, na akichelewa muuza genge anajua alipo. Msimu wa mvua, Machi mpaka Mei, tope la Pasua linataka viatu vya kubadilisha.

Mfuko. Nafuu kuliko zote. Nauli sifuri.

Inamfaa mzazi asiye na mtu wa kumfuata mtoto, na anayetaka makabila na dini zichanganyike bila yeye kuhangaika.

Shule ya katikati ya mji

Watoto. Hapa kuna jambo ambalo mama wa Singida alikuwa analitafuta bila kujua. Shule zilizo karibu na soko, stendi na ofisi hazipokei watoto wa mtaa mmoja. Mzazi anamleta mtoto anapokuja kazini. Muuza vitunguu wa Mbuyuni, muuguzi wa hospitali ya Mawenzi, karani wa benki, utingo wa basi, wote wanaweza kuwa na mtoto chumba kimoja. Kwenye daftari langu la sare ndio shule pekee ambazo kurasa zake zinapishana hivi: huyu pea tatu na sweta mbili, anayemfuata pea moja na "nitamalizia mwisho wa mwezi".

Haikuwa hivyo siku zote. Kabla ya uhuru shule za Tanganyika zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia, za Waafrika. Mfumo mmoja kwa wote ulianza Januari 1962. Wazee wa hapa bado wanaweza kukuonyesha ni mitaa gani ya mjini ambayo mtoto wa Kiafrika alipita tu, hakuingia. Leo mitaa hiyohiyo ndiyo inayomimina watoto wa kila namna saa sita kasoro.

Lakini mchanganyiko wa katikati ya mji una kasoro yake, nayo sijaona watu wakiitaja: unaishia getini. Rafiki yake wa darasani anakaa Kiboriloni, mwingine Rau, mwingine Msaranga. Jumamosi hawaonani. Mtaani kwake hana darasa moja na mtu, anacheza na watoto ambao wana mwalimu wao, wimbo wao na utani wao. Mtoto mchangamfu hatajali. Mtoto mpole anaweza kujikuta mgeni sehemu mbili.

Mwalimu. Shule hizi zinatafutwa, kwa hiyo zinajaa. Baadhi zimepata walimu wengi zaidi kwa kuwa mjini hapakimbiwi. Nyingine zitakuambia waziwazi urudi kata yako. Nenda wiki ya kwanza ya uandikishaji, ukiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi.

Njia. Ukiwa unafanya kazi hapohapo, umepata. Mtoto wa jirani yangu wa vitunguu akitoka shule anakuja moja kwa moja chini ya meza yangu, anatandika vipande vya kitambaa vilivyobaki, analala mpaka saa nane. Nimezoea kukanyaga pedali ya cherehani polepole muda huo. Kama hufanyi kazi mjini, utategemea daladala ambalo konda wake hapendi mwanafunzi, au bodaboda. Na bodaboda wa watoto mnamjua: anapakia mishikaki, watatu nyuma na mmoja kwenye tangi. Mimi hilo silikubali, hata shule iwe nzuri vipi.

Mfuko. Nauli ya kila siku ndiyo inayouma, maana mara nyingi ni ya watu wawili.

Inamfaa mzazi ambaye riziki yake iko mjini, na ambaye anataka hasa mwanae azoee watu wa vipato tofauti.

Shule ya mlimani, kwa bibi

Huku watu wa ofisini hawakufikirii, lakini kila Januari naona: likizo ya Krismasi imekwisha, familia zimeshuka, na mtoto mmoja amebaki juu na bibi.

Watoto. Kwa kabila na dini, ni wamoja karibu wote. Hili lina historia. Wamisionari walipanda mlima miaka ya 1890 na kugawana: Wakatoliki wakashika Kibosho na Kilema, Walutheri wakashika Machame na Old Moshi. Shule zikajengwa ubavuni mwa makanisa. Baadaye, kwa Sheria ya Elimu ya 1969, serikali ilizichukua, na tangu hapo ni za wote. Ila wakazi hawakuhama. Kibosho utakuta darasa ambalo kila mtoto anajua ishara ya msalaba kabla ya herufi a.

Ukiishia hapo utasema hakuna mchanganyiko. Angalia kipato sasa. Mlimani mara nyingi shule ya kutembea kwa mguu ni moja tu, hivyo mjukuu wa mwalimu mstaafu, mtoto wa mwenye duka na mtoto wa kibarua wa kahawa wote wanakwenda hiyohiyo. Kuna pia wajukuu kutoka Dar es Salaam na Arusha walioletwa walelewe, na hao wanakuja na Kiswahili chao na ujuaji wao.

Lugha ndiyo iliyomshika mwanangu. Bibi yake anamsemesha Kikibosho, Kichagga cha huko, na watoto wenzake wakiwa uwanjani ndicho wanachoongea. Wiki za kwanza alikuwa analia. Aliposhuka Juni kunisalimia nilimpa kikombe cha uji, akakipokea kwa mikono miwili akasema "aika". Mimi ni Mpare, baba yao ndiye Mchagga, na miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa amemfundisha kushukuru kwa lugha ya kwao. Kaka yake aliyesomea Pasua hajui mpaka leo. Lakini huyo kaka yake ana rafiki aliyemfundisha kufuturu, na mdogo mtu hakujua Ramadhani ni nini mpaka aliporudi mjini.

Mwalimu. Huku hakujajaa, vijana wengi wameshateremka mjini na watoto wao. Darasa la mwanangu niliwahesabu, ishirini na watatu. Mwalimu alimjua kila mmoja na ukoo wake. Uliza tu kama mwalimu wa awali anashika darasa jingine pia.

Njia. Mteremko, utelezi, na ukungu wa Juni na Julai. Nunua sweta nene. Magari ni machache, na hilo ni faraja.

Mfuko. Shuleni gharama ni ndogo. Ila utatuma sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na hela ya bibi mkononi, na bibi mwenyewe uangalie magoti yake kama yanamruhusu kumkimbilia mtoto wa miaka mitano. Gharama nyingine ni ya usiku, ukitandika kitanda kimoja pungufu. Hiyo siwezi kukupigia hesabu.

Inamfaa mzazi mwenye bibi mwenye nguvu, kazi isiyotulia, na hamu ya mtoto kujua kwao.

Shule yenye kitengo

Watoto. Baadhi ya shule za serikali zina kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu: wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa akili au usonji. Moshi inayojulikana zaidi ni Shule ya Msingi Mwereni, ambako wasioona husoma pamoja na wanaoona. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto haki ya kusoma shule ya kawaida, kwa hiyo usikubali kuambiwa "huyu hatumuwezi" kisha ukanyamaza.

Uliza jambo moja tu ukifika: watoto wa kitengo wanakutana na wengine wapi? Kuna shule ambako wana chumba chao, wanaonana na wenzao kwenye uji na michezo. Kuna shule ambako wanakaa darasa moja. Zote mbili zina sababu zake, na kwa mtoto anayehitaji mwalimu wa pekee chumba cha pembeni kinaweza kuwa bora. Lakini kama ulimleta mwanao asiye na ulemavu ili azoee wenzake, chumba cha pembeni hakitakusaidia sana.

Mama mmoja aliniletea kazi ambayo sikuwa nimewahi kupewa. Vidole vya mwanae havishiki vifungo, akaniomba shati lenye ile gundi ya kubandika na kubandua. Nikashona vifungo juu kwa pambo, gundi chini. Wiki mbili baadaye mzazi mwingine wa darasa lile akaja, mtoto wake vidole vizima, anataka shati "kama la rafiki yangu linalolia krrr". Nilishona manne mwaka ule.

Mwalimu. Walimu wa elimu maalumu ni wachache, hivyo shule hizi ni chache. Mtoto anayewahitaji atawapata hapa kwa urahisi kuliko kwingine.

Njia. Ndiyo adhabu yake. Wengi wanatoka mbali, na mtoto mwenye ulemavu hapakiwi mshikaki.

Mfuko. Bajaji ya kila siku ni mzigo mzito. Ongea na ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa kabla ya kukata tamaa.

Inamfaa mwenye mtoto mwenye uhitaji, bila shaka, na pia mzazi anayekaa karibu ambaye hataki mwanae akutane na fimbo nyeupe kwa mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini.

Yaliyo nje ya nne hizi

Chekechea za kanisa, za msikiti na za watu binafsi ni nzuri kwa mtoto wa miaka mitatu ambaye awali bado. Uliza usajili wa ustawi wa jamii kwanza. Wanaotaka Kiingereza huniuliza kuhusu Arusha School, ya serikali na inafundisha kwa Kiingereza. Kwa mtoto wa miaka mitano kutoka Moshi, hiyo ni safari ya kilomita themanini. Tuiache.

Kwa hali yako

Ukitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na huna wa kumpokea mtoto mchana, shule ya mtaani, na msongamano wake uufidie kwa kumsomea jioni. Kama meza yako ya biashara iko mjini na mtoto anaweza kuja kulala chini yake, katikati ya mji. Kama mmehamia Moshi kikazi na mtaondoka baada ya miaka miwili, kama yule mama wa Singida, sioni faida ya kupanda mlimani, labda muwe na mwenyeji huko. Kama baba na mama ni wa makabila mawili na mtoto hajui hata moja, mwaka mmoja kwa bibi una thamani, mradi umri ni mdogo na bibi ni mzima. Mtoto akiwa na dalili zinazokutia wasiwasi, haoni ubao au haitiki akiitwa, anzia hospitali ya KCMC au Mawenzi apimwe kabla ya Oktoba, ndipo utafute shule.

Na nenda ukaone mwenyewe, siku ya kawaida, saa ya uji. Kaa pembeni dakika kumi. Tazama nani anakaa na nani pasipo kupangwa na mwalimu. Mama wa Singida alikwenda shule mbili hivyo, akarudi mezani kwangu na jibu lake, akaagiza pea mbili za rangi ya shule ya mtaani kwake. Jirani yake wa ukuta mmoja aliangalia shule hizohizo akachagua ya mjini.

Wa kwangu tutakwenda naye wiki ijayo kuangalia. Nanyi mkishaamua, leteni watoto nipime mapema, na waje wamevaa viatu vya shule ili nijue urefu wa sketi. Baada ya Krismasi foleni yangu inafika kwa muuza dagaa.